Zuia Sauti, Usizuie Hewa: Kuandaa Kibanda cha Mazoezi ya Muziki kwa Gharama Ndogo

Somo la toleo hili linahusu vibanda vya uani ambavyo vijana na vikundi vya kwaya wanavitumia kujifunzia muziki. Tutaeleza namna ya kupunguza sauti isitoke nje, kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa, bila kuhatarisha maisha ya walio ndani.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:
1. Kueleza madhara ya sauti kubwa kwa masikio na kwa afya ya majirani.
2. Kutambua sehemu ambazo sauti inatokea katika kibanda chake.
3. Kuziba sehemu hizo na kuacha njia ya hewa.
4. Kuepuka moto, moshi na maambukizi ndani ya chumba kilichofungwa.

KWA NINI WATU WA AFYA WANAZUNGUMZIA MUZIKI?

Kambi yetu ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 ikiwa imepangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa tumezidi 50,000. Kuanzia Kawale mpaka Katubza, Lisungwi na Likuni, nyumba zimesogeleana sana, na mara nyingi ukuta wa jirani mmoja ndio ukuta wa mwingine. Mtu akipiga ngoma huku, mtoto anaamka kule.

Wakati huo huo, muziki ni sehemu ya maisha yetu. Tamasha la Tumaini lilianza hapa mwaka 2014. Mwaka huo huo, ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Rumba ya Kongo iliingizwa mwaka 2021. Kijana anayejifunza gita au kinanda hapotezi muda. Anashika kazi, anapata marafiki, na mawazo mazito yanapungua. Kwa hiyo hatuandiki somo hili ili muziki unyamazishwe.

Tunaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, wahudumu wa afya wa kujitolea tunapotembelea nyumba tunasikia malalamiko ya kelele: mama aliyejifungua hapati usingizi, mgonjwa wa presha hapumziki, mwanafunzi hawezi kujiandaa na mtihani. Wapo pia ndugu zetu waliopita katika vita, ambao mshindo wa ghafla usiku unawarudishia hofu. Ya pili, na hii ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, watu wengine wanapojaribu kuzuia sauti wanaziba kila tundu, wanabandika sponji ukutani, wanawasha mshumaa na kufunga mlango wakiwa watu kumi ndani. Sauti inapungua, lakini hatari inaongezeka.

Neno kuu la somo hili ni hili: ZUIA SAUTI, USIZUIE HEWA.

SAUTI KUBWA INAFANYA NINI MWILINI?

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 hivi katika kila sikio. Kazi yake ni kupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Sauti ikiwa kubwa mno au ya muda mrefu, chembe hizo hufa. Kwa binadamu, chembe iliyokufa haioti tena. Hakuna dawa ya kuirudisha.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Ngoma zikipigwa kwa nguvu ndani ya chumba kidogo hufikia 100 na kuzidi. Kipimo kinachotumika kuwakinga wafanyakazi kinasema mtu asizidishe muda huu kwa siku:

- Desibeli 85: saa 8
- Desibeli 88: saa 4
- Desibeli 91: saa 2
- Desibeli 94: saa 1
- Desibeli 97: dakika 30
- Desibeli 100: dakika 15

Angalieni kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu.

Huna kipimo? Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako wakati muziki unapigwa. Kama ni lazima upaze sauti ndipo akusikie, basi mmefikia desibeli 85 au zaidi. Na kama baada ya mazoezi unasikia mlio masikioni, au watu wanasikika kama wanaongea kwa mbali, masikio yamezidiwa. Yapumzishe. Hali hiyo ikiendelea zaidi ya siku moja, fika kituo cha afya.

Kwa majirani madhara ni mengine. Kelele za usiku hukatiza usingizi hata kama mtu haamki kabisa, na kelele za muda mrefu huchangia kupanda kwa shinikizo la damu. Usiku sauti husikika mbali zaidi, kwa sababu kelele nyingine zimetulia na pia kwa sababu hewa ya chini inapopoa huirudisha sauti ardhini. Ndiyo maana katika miezi ya baridi, Juni na Julai, ngoma ya mbali husikika kama iko jirani.

SAUTI INATOKEA WAPI?

Watu wengi huanza na ukuta. Katika nyumba zetu ukuta si tatizo kubwa. Sauti huzuiwa na uzito, na udongo ni mzito. Ukuta wa matofali mabichi wenye unene wa sm 15 una uzito wa kilo 250 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Bati halifiki hata kilo 5 kwa eneo hilo hilo. Nyumba za udongo, kama zetu na za vijiji vya Dowa, au zile za Nathenje kusini mwa Lilongwe, zina ukuta ambao wengine wangeununua kwa fedha nyingi.

Tatizo ni mianya. Sauti ni kama maji: ukiziba ndoo yote na kuacha tundu moja, maji yatatoka. Ukuta mzuri ukiachiwa uwazi wa sehemu moja tu katika mia, hauwezi kupunguza sauti zaidi ya desibeli 20, hata ukiwa mnene kiasi gani.

Tuchukue mfano. Kibanda kina upande wa mita 3 kwa mita 3. Juu ya ukuta, chini ya paa, kuna mwanya wa sm 15 kuzunguka kuta zote nne. Mzunguko wa kibanda ni mita 12. Zidisha mita 12 kwa mita 0.15, unapata mita za mraba 1.8. Mlango wa upana wa sm 80 na urefu wa mita 2 una mita za mraba 1.6. Maana yake mwanya ule ni mkubwa kuliko mlango. Mwenye kibanda hiki anafunga mlango wake vizuri, lakini ana mlango mwingine juu ambao haufungwi kamwe.

Kwa hiyo kagua kibanda chako kwa utaratibu huu:
1. Mwanya kati ya ukuta na paa.
2. Mlango: chini, pembeni na kwenye bawaba.
3. Dirisha.
4. Nyufa za ukuta na nafasi zisizo na udongo kati ya tofali na tofali.
5. Paa lenyewe.

Ili kujua kwa hakika, fanyeni hivi. Mmoja aingie kibandani mchana na kufunga mlango. Yule wa nje aangalie kutoka pembeni ni wapi mwanga unapenya, yule wa ndani aangalie wapi anaona jua. Palipo na mwanga, sauti inapita. Kisha wekeni redio ndani, mzunguke nje polepole mkisikiliza.

TREI ZA MAYAI NA SPONJI: KOSA LINALOONEKANA SANA

Kuna kazi mbili ambazo watu wanazichanganya.

Kazi ya kwanza ni kuzuia sauti isitoke. Kazi hiyo inahitaji vitu vizito na visivyo na mwanya: udongo, matofali, mbao nene.

Kazi ya pili ni kupunguza mwangwi ndani ya chumba. Kazi hiyo inahitaji vitu laini: mablanketi, magunia, mikeka, nguo.

Trei za mayai ni nyepesi na zimejaa hewa. Zinapunguza mwangwi kidogo tu, hasa wa sauti nyembamba. Hazizuii sauti kutoka nje. Sponji ya godoro nayo ni hivyo hivyo. Mtu anaweza kujaza kuta zote nne trei za mayai na jirani akaendelea kusikia kila kitu.

Tena vitu hivyo vinashika moto upesi. Mwaka 2003, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, ukumbi wa muziki uliteketea baada ya fataki kuwasha sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti. Watu 100 walikufa. Mwaka 2013 mambo kama hayo yalitokea Santa Maria, Brazil, wakafa watu 242. Wengi waliuawa na moshi wa sumu wa sponji. Sisi hatuna fataki, lakini tuna mishumaa, vibiriti na majiko ya makaa, na vibanda vyetu vina mlango mmoja tu.

Kwa sababu hiyo: USIBANDIKE SPONJI WALA TREI ZA MAYAI.

KUANDAA KIBANDA, HATUA KWA HATUA

Kabla ya kujenga au kuongeza chochote, mwone kiongozi wa eneo lako na umweleze unachokusudia.

Hatua ya kwanza: ziba mwanya wa juu.
Tumia matofali mabichi na udongo. Katika mfano wetu wa mita 12, tofali lenye urefu wa sm 30 na kimo cha sm 15, mstari mmoja wa matofali 40 unatosha. Acha nafasi ya tundu moja la hewa, tutakayoieleza mbele. Mahali ambapo nguzo za paa zinapita, jaza udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwa, kwa sababu nyasi huzuia udongo usipasuke unapokauka.

Angalia: shimo unalochimba udongo lifukiwe kabla ya mvua za Novemba. Shimo lililojaa maji huzaa mbu wa malaria, na mtoto mdogo anaweza kuzama ndani yake.

Hatua ya pili: piga plasta nyufa zote.
Udongo laini wa kusiliba unatosha. Siliba ndani na nje. Rudia kila mwaka baada ya mvua.

Hatua ya tatu: tengeneza mlango.
Mlango mwepesi wa bati uongezewe mbao upande wa ndani ili uwe mzito. Pembeni mwa fremu pigilia vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ili mlango ukifungwa uubane mpira. Chini ya mlango jenga kizingiti, au pigilia kipande cha blanketi kuukuu kilichokunjwa. Mwanya wa sm 1 tu chini ya mlango unaweza kuharibu kazi yote.

Mlango ufunguke kwa kusukumwa kwenda nje. Usiwe na kufuli wala komeo la nje wakati watu wamo ndani.

Hatua ya nne: dirisha.
Tengeneza kifuniko cha mbao nene chenye ukingo wa mpira, kinachofunguliwa kwa mkono bila ufunguo. Usizibe dirisha kwa matofali. Siku ya hatari dirisha ndilo mlango wa pili.

Hatua ya tano: laini ndani.
Tandika mikeka chini. Tundika mablanketi makuukuu au magunia yaliyofuliwa kwenye kuta mbili zinazopakana, yakiachana na ukuta kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Hii haimsaidii sana jirani, lakini inapunguza mwangwi, na wapigaji wanapojisikia vizuri hawana haja ya kuongeza sauti. Yaanikeni juani kila wiki ili yasishike ukungu na viroboto.

Hatua ya sita: paa.
Hapa tuseme ukweli. Paa ndilo sehemu dhaifu, na kwa fedha kidogo haliwezi kuzuia sauti yote. Paa la nyasi nene ni afadhali kuliko bati tupu. Chini ya bati unaweza kufunga dari ya mikeka ya matete. Itasaidia sauti nyembamba, lakini sauti nene za besi zitapita.

Wengine huweka udongo juu ya dari. Tafadhali msifanye hivyo. Udongo wa unene wa sm 3 una uzito wa kilo 50 hivi kwa kila mita ya mraba. Kibanda chetu kina mita za mraba 9, maana yake ni kilo 450 juu ya vichwa vya watu, sawa na magunia 9 ya mahindi ya kilo 50. Ukuta wa matofali mabichi ulioloa mvua hauwezi kuaminiwa kubeba mzigo huo.

NJIA YA HEWA YENYE KONA

Sasa tumefika kwenye sehemu muhimu kuliko zote. Mtu mmoja anahitaji hewa mpya lita 10 hivi kila sekunde. Watu wanne kwa saa moja wanahitaji mita za ujazo 144. Kibanda chetu cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.2, kina mita za ujazo 20 hivi tu. Kwa hiyo hewa yote ya kibanda inapaswa kubadilishwa mara 7 katika saa moja. Ukiziba kila tundu, haibadiliki hata mara moja.

Hewa inaweza kupita kwenye kona bila shida. Sauti ikipita kwenye kona zenye kitambaa, sehemu yake inamezwa. Tunatumia tofauti hiyo.

1. Toboa tundu la sm 30 kwa sm 30 karibu na sakafu, upande usio na nyumba ya jirani.
2. Nje ya tundu hilo jenga kisanduku cha matofali kilichoshikana na ukuta, chenye kimo cha mita 1 hivi, kama bomba la moshi. Ziba pande zote isipokuwa mdomo wake ulio juu. Funika mdomo huo kwa kipande cha bati kilichoinuliwa kwa matofali mawili ili mvua isiingie na hewa ipite.
3. Ndani ya kisanduku funika kuta kwa gunia au blanketi kuukuu.
4. Upande wa pili wa kibanda, juu karibu na paa, acha tundu jingine kama hilo. Lijengee kisanduku chenye mdomo unaoangalia chini.
5. Weka wavu kwenye matundu yote mawili kuzuia panya na mbu.

Hewa baridi itaingia chini na hewa ya moto itatoka juu. Sauti itagonga kwenye kona na kitambaa. Besi itapita kiasi, lakini sauti ya gita, kinanda na mwimbaji itapungua.

Hata hivyo matundu haya mawili hayatoshi kwa muda mrefu. Fuateni kanuni hii: DAKIKA 20 NDANI, DAKIKA 10 NJE. Baada ya dakika 20 simamisheni mazoezi, fungueni mlango na dirisha, mtoke wote. Muda huo masikio nayo yanapumzika. Katika kibanda cha ukubwa huu wasizidi watu wanne.

KWAYA ZIIMBE NJE

Kuimba kunatoa matone madogo ya mate hewani, kama kukohoa. Wataalamu waliochunguza kifua kikuu waliliona jambo hili tangu miaka ya 1960. Mfano wa karibu ni wa tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington, Marekani. Wanakwaya 61 walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya ukumbi, na mmoja wao alikuwa na dalili za UVIKO-19. Watu 53 waliugua au walishukiwa kuugua, na wawili walikufa.

Kifua kikuu nacho husafiri kwa hewa, na hupenda chumba kidogo, chenye watu wengi na kisichopitisha hewa. Kwa hiyo kibanda kilichozibwa si mahali pa kwaya. Kwaya iimbe chini ya mti au katika jengo la ibada lenye madirisha yaliyofunguliwa, kwa saa zilizokubaliwa.

Mwimbaji anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku au anayekonda, asije mazoezini kwanza. Afike kituo cha afya apimwe makohozi. Hapa Malawi kupima na kutibu kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Wenzake wasimcheke wala kumtenga. Kifua kikuu kinapona mtu akimaliza dawa zake.

MOTO NA MOSHI

- Usiwashe mshumaa, kibatari wala jiko la makaa ndani ya kibanda. Tumia tochi au taa ya sola.
- Jiko la makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Katika chumba kilichofungwa, hewa hiyo inaua watu wakiwa wamelala. Jenereta nayo ni hivyo hivyo: ikae nje, mbali na tundu la hewa.
- Nyaya zilizochubuka zisipite chini ya mikeka wala nyuma ya mablanketi.
- Weka ndoo ya mchanga karibu na mlango.
- Mmoja akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu, wote watoke nje mara moja.

PUNGUZA SAUTI KWENYE CHOMBO CHENYEWE

Kazi hii haigharimu kitu, na mara nyingi inasaidia kuliko ukuta.

Ngoma: jaza nguo ndani ya ngoma kubwa na tandaza kitambaa juu ya zile ndogo. Kwa mazoezi ya mikono, funga mpira wa tairi juu ya kipande cha ubao na upige hapo. Ngoma isikae moja kwa moja kwenye sakafu. Iweke juu ya ubao mzito uliolazwa juu ya vipande vya tairi, ili mtikisiko usipite ardhini mpaka kwa jirani.

Spika: isiegemee ukuta wa jirani. Igeuze kuelekea ndani na uipunguze besi, kwa sababu besi ndiyo inayopita kila mahali.

Kinanda na gita la umeme: tumia vipokea sauti vya masikioni. Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani linashauri kutozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni 75.

Umbali: nje, kila unapouzidisha umbali mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo chagua kibanda kilicho mbali na nyumba ukiweza.

Ngoma za Burundi ni jambo la pekee. Zinachongwa kwenye gogo, zinapigwa nyingi kwa pamoja, na tangu zamani ni ngoma za uwanjani. Hakuna kibanda cha udongo kitakachozizuia, na ndani ya chumba zitaumiza masikio ya wapigaji kwanza. Zipelekwe uwanja wa wazi mchana.

Pamba masikioni inasaidia kidogo sana. Vizibo vya sponji vilivyotengenezwa kwa ajili ya masikio ni bora, vikitumiwa vikiwa safi. Mama asikae karibu na ngoma akiwa amembeba mtoto mchanga mgongoni.

KUKUBALIANA NA MAJIRANI

Hata kibanda kizuri kitaacha sauti kidogo. Kinachobaki kinamalizwa kwa maneno. Kabla hujaanza, piga hodi katika nyumba zote zinazokuzunguka. Nenda na mtu mzima mnayemheshimu wote. Anza na nyumba yenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee. Usiseme, "Tunaanza kesho." Uliza, "Mama, saa ngapi zinakufaa?"

Mnaweza kukubaliana mambo haya:
1. Mazoezi ni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Usiku hapana.
2. Kukiwa na msiba jirani, mazoezi yanasimama mpaka wafiwa waseme.
3. Wakati wa mitihani ya shule, ngoma zinapumzika.
4. Jirani akisumbuka anamwambia mtu mmoja aliyechaguliwa, na anasikilizwa bila ugomvi.
5. Baada ya mwezi mmoja mnakutana tena kuona kama makubaliano yanafaa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika kibanda cha udongo, sauti nyingi hutokea ukutani au kwenye mianya?
2. Kwa nini trei za mayai hazimsaidii jirani?
3. Kwa nini tusiweke udongo juu ya dari?
4. Kanuni ya dakika 20 na dakika 10 ni ipi?
5. Kwa nini kwaya isiimbe katika kibanda kilichozibwa?

Majibu: (1) Kwenye mianya, hasa ule wa chini ya paa. (2) Ni nyepesi. Zinapunguza mwangwi kidogo ndani, hazizuii sauti kutoka. (3) Ni mzito, dari inaweza kuwaangukia watu. (4) Dakika 20 za mazoezi, kisha dakika 10 wote nje, mlango na dirisha vikiwa wazi. (5) Kuimba hutoa matone yanayoweza kubeba kifua kikuu na magonjwa mengine ya hewa.

Vikundi vya muziki vinavyotaka kibanda chao kikaguliwe vinaweza kumwita mhudumu wa afya wa kujitolea wa eneo lao. Atakuja kuangalia mambo matatu: hewa inaingia wapi, watu watatokea wapi moto ukitokea, na majirani wamesemaje. Kinga ni bora kuliko tiba.